Mgonjwa wa Yombo

Walikuwa wameshapita bomba la maji, wote watatu, kapu likiwa kichwani kwa Chausiku, na mie bado natafuta kandambili yangu ya kushoto chini ya kitanda. Nilipoipata wameshakata kona. Nikatoka hivyo hivyo, sijanawa uso, nikawafuata.

Walikuwa wanakwenda Yombo kumtazama mgonjwa. Ndivyo nilivyoambiwa. Kila siku isipokuwa Ijumaa, jua likianza kutoka, mdogo wangu Munira na jirani zake wawili, Chausiku na Mama Isack, wanatoka Tandika kwa miguu, na kapu lililofunikwa kitambaa cheupe, wanakwenda kumtazama shangazi yetu Bi Tunu ambaye hajiwezi. Shida yangu ni kwamba mie na Munira tumezaliwa tumbo moja, nimemzidi miaka kumi na mbili, na huyo shangazi sikumjua.

Mwaka huo wa tisini na tatu nilikuwa nimerudi kwa Munira baada ya kupotea miaka kumi na tisa. Nimekata mkonge Ngerengere, nimebeba korosho Mtwara, nimepakia saruji Wazo mpaka kifua kikakataa. Shule nayo nilisoma vipande vipande, madarasa mawili Kisiju, moja Kilosa, mengine ya ngumbaru, ukubwani. Mtu wa namna hiyo hasimami mbele za watu akasema fulani si shangazi yangu. Na marehemu baba yetu, mzee Mwishehe, naye alikuwa mtembezi. Babu alioa Kisiju akaoa na Rufiji. Dada zake baba wa mama huyu na wa mama yule, nani aliwahesabu?

Kwa hiyo nilitaka kumwona. Sikubakiwa na mtu wa umri wa baba. Nilimwambia Munira anipeleke, akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Ndiyo maana nikawafuata.

Wanawake wanaokwenda kutazama mgonjwa wana mwendo wao, na hawa walianza nao. Polepole. Wakasimama kwa Leonardi, fundi cherehani, ambaye alikuwa anafungua kibanda.

"Bi Tunu anaendeleaje?" Leonardi akauliza.

"Jana kanywa uji kidogo," Munira akamjibu. "Usiku ndio haupiti."

"Mpeni pole."

"Zimefika."

Walipoupita ukuta wa shule ya msingi, pale nyumba zinapopungua, Chausiku akatua kapu. Munira akafunua kitambaa. Nikadhani wanatazama kama uji umemwagika. Wakatoa raba. Jozi tatu za mitumba, moja ina mstari wa buluu. Wakazivaa huku wameegemeana mabega, kandambili zao wakazitia kapuni, wakafunika kitambaa kama kilivyokuwa. Halafu wakaondoka kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa watu wa umri ule na unene ule. Mikono mbele, mikono nyuma. Buibui la Munira linapepea kama amekumbuka kitu jikoni.

Nikafikiri mgonjwa kazidiwa. Nikafikiri tena, wamejuaje? Hakuna aliyekuja kuwaambia. Nikaongeza mwendo, na mie natembea tangu utoto, lakini walinitoa jasho.

Hawakufika Yombo. Waliishia kwenye kalavati, karibu na reli. Palikuwa na mwanamke wa makamo aliyevaa gauni jeupe, baiskeli yake kailaza majanini. Akawapanga mstari. Wakanyoosha mikono juu. Wakazungusha viuno. Yule mwanamke anahesabu, wao wanapumua. Mie Rufiji nimeona waganga wa kila aina, nikasema basi, wamemleta Bi Tunu hapa apungwe pepo. Nikainama nikachungulia ndani ya kalavati, maana sikuona mahali pengine pa kumweka mgonjwa.

Chausiku ndiye aliyeniona. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mie Mzaramo, tuna utani tangu enzi za babu zetu, na hajawahi kuuachia.

"Mtazameni Mzaramo huyo," akasema. "Kafuata uji wa mgonjwa mpaka mtaroni."

"Mgonjwa yuko wapi?" nikauliza.

"Huyu hapa." Akamwonyesha Munira. "Na huyu Mama Isack. Na mie nina presha, mtani, usinipandishe."

"Namuuliza Bi Tunu."

Yule mwenye gauni jeupe akawatazama mmoja mmoja, akauliza, "Bi Tunu ndiye nani?"

Hapo nikachanganyikiwa zaidi, maana hata mganga hamjui mgonjwa.

Hakuwa mganga. Alikuwa Sista Kokuberwa, muuguzi wa zahanati, mtu wa Bukoba. Walikuwa na mradi wa afya ya jamii, na kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na mizani, kupima wanawake sukari na presha, kuwaambia watembee. Aliandika majina ishirini na sita. Siku ya kwanza kwenye kalavati walikuja wanne. Siku ya pili hakuja mtu.

Munira akanieleza, amekaa juu ya kalavati anavuta pumzi. Sista alikwenda nyumbani mwenyewe kuzungumza na Khalfani, mume wake. Akamwambia mke wako ana sukari, inabidi atembee saa nzima kila siku. Khalfani akauliza, aende wapi? Sista akasema popote. Khalfani, na si mtu mbaya, ni karani wa bohari, mtu wa heshima zake, akasema, "Popote si mahali, sista."

Sista hakuelewa, hata siku hiyo anamsikiliza Munira. "Si wangesema tu wanafanya mazoezi?"

"Mazoezi ya nini?" Chausiku akamwuliza. "Mie nina wajukuu wanne. Nikipita barabarani mikono mitupu, sina ninakokwenda, watu watasema nini? Watasema Chausiku karukwa, au Chausiku ana bwana Yombo."

Hiyo nilielewa. Kwetu mwanamke wa heshima akitoka ana anakokwenda. Anakwenda sokoni, anakwenda harusini, anakwenda msibani. Na mgonjwa ndiye bora kuliko wote, kwa sababu haulizwi mtu kwa nini amekwenda, anaulizwa kwa nini hakwenda. Basi wakatafuta mgonjwa. Wakampa jina, wakampa mtaa, na kwa sababu Munira ndiye mume wake anauliza sana, mgonjwa akafanywa shangazi yake.

"Na shangazi yangu," nikasema.

"Ndiyo, kaka. Samahani."

Sikujua nikasirike au vipi. Nilikuwa nimeshamwazia uso.

Sista Kokuberwa akanivuta pembeni. "Umeuona mguu wa dada yako?"

Nilikuwa nimeuona. Siku ya pili tangu nifike, Munira anapika, kaa lilidondoka kutoka kwenye jiko likamwangukia mguuni, karibu na kidole gumba. Harufu ilinifikia mie kabla yake. Nikamwambia, Munira, unaungua. Akatazama sufuria. Akasema, wapi, mbona nimeweka maji ya kutosha.

"Umeanza kufa ganzi," Sista akasema. "Ndiyo maana nimewalazimisha viatu. Akitembea na kufuata dawa, huenda utabaki. Akirudi kukaa kwenye mkeka, watakuja kuukata. Wanaanza na vidole." Alisema kama mtu anayesoma orodha ya vifaa.

Nikarudi nao Tandika. Kwenye ukuta wa shule wakavua raba. Leonardi akaniuliza, "Umemwona shangazi yako?" Nikasema nimemwona. Akaniuliza anafanana na nani katika ukoo. Nikasema baba. Sijui hata kwa nini.

Wiki haikuisha. Khalfani alirudi kutoka kazini na kilo mbili za sukari, mche wa sabuni na pakiti ya majani ya chai, akaviweka juu ya meza, akanikalia karibu.

"Shemeji, nina aibu," akasema.

"Aibu ya nini?"

"Miezi mitatu shangazi wa mke wangu yuko kitandani, mie mkwe sijakanyaga. Bohari kila siku wananiuliza habari zake. Ijumaa baada ya swala twende, mie na wewe."

Nikamtazama Munira. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Mikono ilisimama, ikaendelea.

Alhamisi tukakaa uani kwa Chausiku, kikao kama cha mahari.

"Afe," Chausiku akasema. "Kesho asubuhi. Tumlilie, yaishe."

"Akifa kuna maziko," nikasema. "Mtazika nini?"

"Basi apone."

"Akipona," Mama Isack akasema, naye si msemaji, "Munira atatoka kwenda wapi?"

Nikaona jinsi walivyojifunga. Bi Tunu hakuruhusiwa kufa na hakuruhusiwa kupona. Ilimpasa aumwe vile vile siku zote, na asitembelewe na mwanamume.

Munira akasema, "Khalfani akijua nimemwongopea miezi mitatu, hata hospitali sitakwenda peke yangu." Hakulia. Alikuwa anautazama mguu wake kama mtu anavyomtazama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Nikawaambia mniachie mie. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nitampeleka Khalfani Yombo na nitapotea. Kupotea nakujua. Nitamzungusha vichochoro mpaka miguu imuume, niseme mji umebadilika, nyumba siitambui, turudi.

Ijumaa tukaenda. Nilimpitisha huku, nikamrudisha kule. Tukapita nyumba moja yenye bata mara tatu. Khalfani kashika mfuko wa sukari kifuani, kanzu imemganda mgongoni, halalamiki. Ndilo lililoniharibia. Mtu asiyelalamika huwezi kumchosha.

Mwishowe akasimama kwenye genge la nyanya bila kuniuliza. "Samahani mama, tunamtafuta Bi Tunu. Mgonjwa, mtu mzima."

"Bi Tunu asiyeweza kuamka?" muuza nyanya akasema. "Nyumba ile ya tatu, yenye makuti mapya upande mmoja."

Nusura nimwambie hakuna mtu kama huyo. Lakini fikiri mwenyewe. Pwani hii yote, Yombo yote, ukiulizia bibi mgonjwa anayeitwa Tunu, utamkosaje?

Tukabisha hodi. Akatufungulia mama mmoja jirani, Sesilia, aliyekuwa anampikia. Ndani, kwenye kitanda cha kamba, amelala bibi mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, macho yana ukungu.

"Mmechelewa," akasema.

Khalfani akapiga goti. "Shikamoo shangazi. Utusamehe. Mie mkwe wako, mume wa Munira."

"Marahaba. Na huyo aliyesimama kama mwizi?"

"Shikamoo," nikasema. "Mie mtoto wa Mwishehe."

"Mwishehe yupi? Wa Kisiju, au yule mwenye chongo?"

Baba alikuwa wa Kisiju. Lakini niliambiwa uzeeni jicho moja lilipotea, na mie sikuwepo. Sasa nijibu nini? "Wote wawili," nikasema.

Bi Tunu akacheka, kikohozi kikamkamata. "Alinikopa kuku huyo, akahama."

Ningeapa ni baba. Ningeapa pia kwamba mtu yeyote aliyeitwa Mwishehe angeweza kukopa kuku akahama.

Sesilia akainua kanga kufukuza nzi miguuni, nikaona. Mguu wa kulia haukuwa na kidole hata kimoja. Ulikuwa umeisha ghafla, kama mkate uliokatwa. Kumbe ugonjwa ulikuwa ule ule.

Khalfani naye aliuona. "Shangazi, hawa wanawake wetu wanakuja kila siku, sivyo? Wanakuhudumia?"

Sesilia akageuka kututazama. Mie nikatazama paa.

"Wanakuja wengi," Bi Tunu akasema. "Wengine hata siwajui wanatoka wapi."

Sesilia akachukua sukari akaenda nayo jikoni.

Tulipofika nyumbani Khalfani akamwita Munira, akasema, "Nimeona hali yake. Kuanzia sasa mwende na Ijumaa. Na uji muwe mnaupika wa ulezi, ule wa unga mweupe hauna nguvu." Munira akanitazama. Nikamwambia kuna Bi Tunu. Akasema kuna vipi? Nikasema yupo tu, ukamwone, sina maelezo mengine.

Basi ikawa kweli. Wakafika kwenye kalavati, wakahesabiwa na Sista, halafu wakaendelea mpaka kwa Bi Tunu, njia ikaongezeka dakika ishirini. Kapu sasa likawa na uji na raba pamoja. Siku ya kwanza Munira alimwosha miguu. Sesilia aliniambia aliukamata ule wa kulia, akauweka mapajani, akakaa nao muda mrefu maji yamepoa. Bi Tunu akamwambia, "Mie niliambiwa nitembee, nikasema nitembee niende wapi."

Tangu siku hiyo Munira hakukosa, hata mvua. Sista akampima, akasema sukari imeshuka. Wanawake wengine wakaanza kufuatana nao, sita, kisha tisa, maana mgonjwa alikuwa amejulikana na thawabu kila mtu anaitaka. Sista aliwaandika wote. Mie nilikuwaga nakwenda jioni jioni peke yangu, namwuliza Bi Tunu habari za baba. Leo Mwishehe mrefu, kesho mfupi. Leo mpiga zumari, kesho hajui hata kuimba. Nilirudi kila mara najua kidogo kuliko nilivyokwenda.

Bi Tunu alikufa masika ya tisini na nne. Munira alikuwa mmoja wa waliomwosha. Khalfani aliingia kaburini kumpokea, tope mpaka magotini. Wa bohari walikuja. Chausiku, kwa utani wake, alilala mbele ya jeneza akasema haliondoki mpaka Wazaramo walipe kuku wa marehemu, watu wakacheka wanalia. Tukakaa matanga siku tatu.

Siku ya nne Khalfani akanywa chai, akasema, "Tumshukuru Mungu. Safari za Yombo zimekwisha. Mke wangu utapumzika."

Siku ya tano, jua linatoka, Munira akavaa buibui. Akakaa kizingitini, mbele ya mume wake na mbele ya njia, akaanza kufunga kamba za raba.

"Kuna msiba mwingine?" Khalfani akauliza.

"Hakuna."

"Unakwenda kwa nani?"

"Si kwa mtu. Nakwenda mpaka kwenye kalavati, halafu narudi."

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

Khalfani akanigeukia. "Shemeji, dada yako anasema nini?"

Nikamwambia sijui. Mie nimetembea miaka yote hiyo, hakuna aliyeniuliza nakwenda kwa nani.

Munira akasimama, akamgeukia mume wake. "Baba Shamimu, nikwambie. Bi Tunu hatukuwa tunamjua. Tulimtunga, ili nitoke. Wewe ndiye uliyekwenda kumpata."

Nilitegemea apige kelele. Alikaa kitako kwenye gunia la mkaa, na kanzu yake nyeupe.

"Basi nimemzika nani?"

"Shangazi," nikasema.

"Shangazi wa nani?"

Chausiku na Mama Isack walikuwa wameshafika mlangoni, wamesikia yote, wanatazama chini. Khalfani akautazama mguu wa mke wake ndani ya kiatu, muda mrefu, na nadhani alikuwa anauona ule mwingine. Akafungua mdomo kukataza, nikaona hajui aanzie wapi. Kama ni uongo, aliupelekea sukari. Kama si uongo, hana la kukataza.

"Leonardi akiniuliza nitamwambia nini?" akasema mwishowe, taratibu.

"Mwambie sijui," Munira akasema, na wakatoka.

Siku tatu Khalfani hakusema na mtu nyumbani. Ya nne aliuliza kama raba zinambana.

Mradi wa Sista Kokuberwa ulikwisha mwaka uliofuata, fedha zilipokatika. Alihamishiwa Kibaha, baadaye akarudi Bukoba. Katika wale tisa, watano waliacha kwenda Bi Tunu alipokufa. Mama Isack alifuata mtoto wake Arusha. Chausiku alikufa kwa presha mwaka wa tisini na saba, Tabora, alikokwenda harusini. Nyumba ya Bi Tunu ilichukuliwa na mpwa wake kutoka Kisiju, akaiuza. Nilimwuliza huyo mpwa kuhusu Mwishehe, akasema hajapata kulisikia jina hilo katika ukoo wao. Sesilia alihamia Mbagala. Khalfani alipunguzwa kazi shirika lilipouzwa, akafuga kuku wa mayai, akafa mwaka wa elfu mbili na mbili. Munira alikatwa kidole kimoja cha mguu wa kushoto mwaka wa tisini na tisa. Alitembea mpaka mwaka wa elfu mbili na sita, akafa kwa homa ya mapafu, na miguu yote miwili. Mie niliondoka tisini na tano, nikakaa Lindi, nikakaa Kilwa. Sasa nipo Pugu, nalinda shamba la mtu.